Neno "Slim" na Usomaji wa Mwili katika Nchi ya Chai

Kivumishi cha Kiingereza "slim" ni miongoni mwa maneno madogo ambayo kamusi huyapitia haraka. Mwanafunzi wa shule ya sekondari huko Kericho au Bomet huambiwa kwamba maana yake ni "-embamba", naye huiandika tafsiri hiyo pambizoni mwa daftari lake na kuendelea na somo. Tafsiri hiyo si ya uongo, ila ni nusu tu ya habari. Kiingereza kina ngazi nzima ya maneno ya wembamba. "Thin" hueleza umbo bila kuegemea upande wowote, "slender" na "slim" husifu, "skinny" hukebehi, "gaunt" na "emaciated" huogofya. Mwili unaotazamwa waweza kuwa ule ule, na kinachobadilika ni jicho la anayeutazama. Kwa hiyo anayechagua neno moja kati ya hayo huwa tayari ametoa hukumu, hata kama mwenyewe anadhani ametoa maelezo tu.

Makala haya yanakusudia kulifuatia neno hilo moja kutoka chimbuko lake Ulaya hadi ufukweni mwa Ziwa Viktoria, ambako katika muda wa miaka michache liliacha kuwa sifa na likawa jina la ugonjwa. Kisha yataingia katika nchi ya chai ya Kericho na Bomet, ambako kilichosomwa hakikuwa neno bali mwili wenyewe, na mwishowe yatauliza fasihi yetu imejifunza nini kutokana na usomaji huo.

Tuanze na asili. "Slim" liliingia katika Kiingereza karne ya 17 kutoka Kiholanzi. Katika lugha hiyo ya mwanzo halikuhusu unene wala wembamba. Maana yake ya kale ilikuwa kitu kilichopinda, kilichokwenda upande, na kutokana na hiyo likapata maana ya ubaya. Ndugu yake wa Kijerumani, "schlimm", hadi leo maana yake ni "baya". Njia hii ya kutoka kupinda hadi ubaya si ngeni kwa msemaji wa Kiswahili, ambaye humwita mtu mwadilifu "mnyofu", kana kwamba maadili ni mstari ulionyooka. Katika Kiholanzi chenyewe, na katika Kiafrikana kilichotokana nacho, neno hilo lilipita kutoka ubaya hadi ujanja, na leo "slim" katika lugha hizo ni mtu mwerevu. Jenerali Piet Joubert wa Makaburu, aliyefariki mwaka 1900, alijulikana kwa lakabu ya "Slim Piet", na waliomwita hivyo hawakuwa wakikisifu kiuno chake. Walikuwa wakizisifu, au kuzilaumu, hila zake.

Katika Kiingereza neno lilishika njia nyingine. Kibaya kikawa hafifu. Kilicho hafifu kikawa chembamba. Na chembamba, polepole, kikawa cha kupendeza. Ndiyo maana Mwingereza bado husema kwamba matumaini fulani ni "slim", akimaanisha kuwa ni haba, na papo hapo humsifu binti kwa neno lile lile. Katika karne ya 20 kivumishi hicho kilizaa kitenzi chenye maana ya kujipunguza mwili kwa makusudi, na biashara kubwa ikajengwa juu ya kitenzi hicho. Yafaa kulinganisha na neno letu "hafifu". Kiarabu kilitupa neno lenye maana ya "-epesi", lisilo na lawama ndani yake. Kiswahili kikalipokea na kulishusha, hata likawa jina la kitu kisicho na thamani. Kwa hiyo, "hafifu" lilitoka katika wepesi likaenda kwenye ubaya, ilhali "slim" lilitoka katika ubaya likaenda kwenye wepesi. Maneno hayo mawili yalipita barabara moja, kila moja likielekea upande wake.

Kiswahili nacho kina ngazi yake ya wembamba, lakini imejengwa kwa namna tofauti. Kuna "-embamba", kivumishi kinachofaa kwa njia, uzi, sauti na mtu pia, bila sifa wala kebehi. Kuna "kimbaumbau", mtu mrefu asiye na nyama, ambalo lina mzaha ndani yake. Kuna "ng'onda", samaki aliyepasuliwa akakaushwa juani, ambaye jina lake hupewa mtu aliyekauka kama yeye. Kuna "gofu", neno ambalo huitwa nyumba iliyobomoka ikabaki kuta na huitwa pia mwili uliobaki mifupa. Hata hivyo, lenye uzito zaidi ya yote si kivumishi bali ni kitenzi: kukonda. Hapa ndipo tofauti kubwa ilipo. Kivumishi hueleza hali, ilhali kitenzi hueleza safari. Anayesema "Fulani ni mwembamba" anaeleza umbo aliloumbwa nalo. Anayesema "Fulani amekonda" anasema kwamba alikuwa mwingine na sasa amebadilika, na ndani ya kauli hiyo mna swali lisilotamkwa: amepatwa na nini? Ndiyo maana katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki kumwambia mtu "umenenepa" kulikuwa salamu njema, ishara kwamba nyumbani kwake kuna chakula na amani. "Umekonda" lilikuwa neno la kusemwa kwa sauti ya chini, na mara nyingi baada yake kilifuata kiti cha kukalia.

Kwa lugha yenye hazina kama hii, kuazima neno la Kiingereza kwa ajili ya wembamba kungeonekana kuwa anasa. Hata hivyo, jirani zetu waliliazima, na kwa sababu nzito. Mwaka 1982, huko Kasensero, kituo cha wavuvi katika wilaya ya Rakai nchini Uganda, watu walianza kufa kwa ugonjwa uliowakausha mbele ya macho ya jamaa zao. Wenyeji waliuita "slim". Tarehe 19 Oktoba 1985 jarida la kitabibu la The Lancet lilichapisha makala ya David Serwadda na wenzake, ambayo kichwa chake kilikuwa na jina hilo la mitaani, na iliyouhusisha ugonjwa huo na virusi ambavyo wakati huo vilikuwa vimetambuliwa Ulaya na Marekani. Hivyo jina lililotungwa na watu wa kawaida liliingia katika maandishi ya sayansi likiwa na alama zake zote za mtaani. Katika Luganda lilinyoshwa kwa kanuni za lugha hiyo likawa "siliimu", na hadi leo linatumika pamoja na neno la kienyeji "mukenenya".

Kwa nini lugha yenye vitenzi vyake vya kudhoofika ilikwenda kuazima sifa ya warembo? Jibu la kwanza ni tasfida. Neno la kigeni huweka kitambaa kati ya kinywa na jambo. Anayesema "siliimu" hajakiita kifo nyumbani kwake kwa jina ambalo mababu wangelitambua. Jibu la pili ni kejeli, ambayo ni silaha ya wanyonge katika kila lugha. Neno lililotoka katika majarida ya mitindo na lililoahidi kiuno chembamba na maisha ya starehe liligeuzwa na kuwa kinyume cha ahadi hiyo. Jibu la tatu ni la kisarufi, na nchi ya chai inao mfano wake wa karibu. Vibandani Kericho chai isiyotiwa maziwa huitwa "sturungi" au "turungi". Katika umbo hilo msikilizaji hukisikia kivumishi cha Kiingereza "strong". Nomino yake imepotea njiani, na sifa iliyobaki peke yake imekuwa jina la kitu. Tena kitu chenyewe si cha fahari: neno la nguvu limekuwa jina la chai ya asiyekuwa na fedha za maziwa. "Slim" nalo lilipoteza nomino yake. Lilikuwa sifa ya mwili, likawa jina la kile kinachoula mwili.

Mwanaisimu aweza kushawishika kuona hapa kisa cha ajabu: neno lililozaliwa likiwa na maana ya "baya" lilisafiri karne tatu likiwa limevaa uzuri, na ufukweni mwa ziwa likavuliwa vazi hilo na kurejea kwenye asili yake. Kisa hicho kinapendeza, na ndiyo sababu yafaa kukitilia shaka. Mvuvi wa Kasensero hakujua Kiholanzi cha kale, wala maneno hayana kumbukumbu inayopita juu ya vichwa vya wasemaji wake. Ubaya wa "slim" ya Uganda haukutoka katika mzizi wa neno. Ulitoka katika vitanda vya wagonjwa. Anayetafuta maana katika chimbuko peke yake huwasahau watu waliolitia neno maana kwa uchungu wao, na kosa hilo ni kubwa zaidi kuliko kosa la yule anayetosheka na tafsiri ya pambizoni mwa daftari.

Kericho iko juu ya barabara kuu itokayo Nakuru kwenda Kisumu, na kutoka Kisumu barabara hiyo huendelea hadi Busia na Uganda. Tangu miaka ya 1920, makampuni ya Uingereza yalipoanza kupanda chai kwa wingi katika nyanda hizi zinazopata mvua karibu mwaka mzima, mashamba yalikusanya watu wa lugha nyingi: Wakipsigis wenyeji, Waluo, Abagusii, Abaluhya na wengineo. Waliishi katika kambi za kampuni, nyumba zikifuatana kwa mistari, na walizungumza Kiswahili kisimani, kwenye mizani na mbele ya nyapara. Bomet ilipokatwa kutoka Kericho mwaka 1992 na kuwa wilaya, mpaka mpya ulipita kwenye ramani, lakini vichaka vya chai na maisha ya kambi viliendelea pande zote mbili.

Mtoto aliyelelewa katika kambi ya chai miaka ya 1990 alijifunza kusoma mara mbili. Shuleni alisoma kitabu. Kambini, kwa kuwasikiliza wakubwa, alijifunza kusoma miili. Alijua shati lililokuwa likimkaa mtu vizuri mwaka uliopita na sasa linaning'inia. Alijua mshipi uliotobolewa tundu jipya. Alijua kimya kinachoshuka juu ya foleni mtu fulani anapopita, na sauti zinazorudi akishapita. Hapa hakuna aliyehitaji kuazima "slim" kutoka kwa jirani. Kitenzi "kukonda" kilitosha, maana kilikuwa na lile swali ndani yake tangu zamani. Tofauti ni kwamba zamani swali hilo lilikuwa na majibu mengi. Sasa lilipata jibu moja.

Juu ya usomaji huo kulikuwa na mizani. Mchumaji hulipwa kwa kilo. Jioni, au majani yanapokusanywa, kikapu chake hupimwa mbele ya wenzake na uzito wake huandikwa. Kwa sababu hiyo rekodi ya shamba la chai ni kama shajara ya mwili iliyoandikwa na mtu mwingine. Mwaka 2004 watafiti wa Chuo Kikuu cha Boston na wenzao, akiwamo Matthew Fox na Sydney Rosen, walichapisha uchunguzi uliotokana na rekodi kama hizo za Kericho. Waligundua kwamba wachumaji waliokuja kufariki au kustaafishwa kwa sababu ya UKIMWI walikuwa, katika mwaka mmoja na nusu wa mwisho wa kazi, wakichuma pungufu ya wenzao kwa kiasi cha kati ya kilo 4.11 na 7.93 kwa siku. Walichukua siku nyingi zaidi za likizo, na walipewa siku nyingi zaidi za kazi nyepesi. Mapato yao yalipungua kwa asilimia 16 katika mwaka wa pili kabla ya kuacha kazi na kwa asilimia 17.7 katika mwaka wa mwisho. Katika utafiti mwingine uliofanywa mwaka 2003 miongoni mwa watu wazima 2,801 wa jamii ya mashamba ya chai ya Kericho, takriban asilimia 14 walikutwa na virusi.

Tarakimu hizi zina lugha yake, na mhakiki wa fasihi hana sababu ya kuziachia wachumi peke yao. Zinaonyesha kwamba kikapu kilikonda pamoja na mwenye kikapu. Kabla daktari hajatamka neno, mizani ilikuwa imekwisha kulitamka, siku baada ya siku, kwa sauti ya karani asomaye kilo. Mchumaji hakuweza kuficha. Msomi mgonjwa wa mjini angeweza kuvaa koti juu ya koti. Mchumaji alibeba ushahidi wake mgongoni na kuupeleka mwenyewe kupimwa.

Hata hivyo, ushahidi huo ulikuwa wa nini? Hapa ndipo usomaji wa kambi ulipokuwa na hatari. Kukonda ni ishara, na ishara moja yaweza kuwa na vitajwa vingi. Hukonda mwenye kifua kikuu, ambacho mara nyingi hufuatana na UKIMWI lakini huwapata pia wasio na virusi. Hukonda mwenye kisukari ambaye hajajijua. Hukonda mama anayewaachia watoto sahani, mzee anayechuma kwa kasi ya ujana wake, aliyefiwa asiyeweza kumeza chakula. Wote hao walisomwa kwa kamusi yenye maana moja. Na upande wa pili, aliyekuwa na virusi bila kukonda alisomwa kuwa mzima, jambo lililokuwa na madhara zaidi. Mwili mnene uliaminiwa, na imani hiyo iliua. Methali isemayo kwamba kikulacho ki nguoni mwako ilinukuliwa sana zama hizo, na waliyoinukuu waliendelea kukitafuta mla huyo katika nguo zilizolegea peke yake.

Waluo waliofika kambini walikuja na usomaji wao, ambao ni wa kale zaidi. Katika mila yao "chira" ni kudhoofika kunakomfika mtu, au jamaa yake, baada ya mwiko kuvunjwa. Chira hukausha mwili polepole, na tiba yake hutafutwa katika kuurekebisha uhusiano ulioharibika. Ugonjwa mpya ulipokuja ukiwa na sura ile ile, wengi waliuita kwa jina hilo. Watu wa afya waliliona hilo kuwa ujinga. Lakini yafaa ikubaliwe kwamba chira ilikuwa na jambo ambalo "slim" haikuwa nalo. "Slim" hueleza sura ya mgonjwa na kunyamaza. Chira huuliza juu ya jamii nzima: nani alimkosea nani, na nani anapaswa kuketi na nani ili mambo yatengenezwe. Jibu lake la kitabibu lilikuwa na kasoro ya mauti, ila swali lake lilikuwa la kibinadamu zaidi.

Marjorie Oludhe Macgoye alilifanya neno hilo kuwa jina la riwaya yake ya mwaka 1997. Waandishi wengine wa Afrika Mashariki walilikabili janga hilo kwa njia mbalimbali: Carolyne Adalla mwaka 1993, Meja Mwangi mwaka 2000, na kwa Kiswahili William Mkufya katika "Ua la Faraja" mwaka 2004. Kazi hizo hazilingani na haifai kuzitia katika kapu moja. Lakini pembeni mwake ilikua fasihi nyingi ya kampeni: michezo ya kuigiza ya mashuleni, hadithi fupi za vijitabu, nyimbo za tamasha. Huko kukonda kuligeuka kuwa kanuni ya fani. Mhusika akiingia jukwaani na shati lililolegea, hadhira ilijua mwisho wake kabla hajafungua kinywa. Wembamba ukawa unabii, na mara nyingi ukawa pia hukumu, kwa kuwa aliyekonda alikuwa ndiye aliyekosa. Susan Sontag, alipoandika mwaka 1978 juu ya ugonjwa kama sitiari, alionyesha jinsi Ulaya ya karne ya 19 ilivyoufanya wembamba wa kifua kikuu kuwa alama ya roho tukufu. Fasihi yetu ya kampeni ilitenda kinyume, ikaufanya wembamba kuwa alama ya roho iliyopotoka. Katika hali zote mbili mgonjwa aliibiwa mwili wake ukafanywa barua ya mtu mwingine.

Inaweza kujibiwa kwamba fasihi hiyo ilikuwa na haraka. Rais Daniel arap Moi aliutangaza UKIMWI kuwa janga la kitaifa mwezi Novemba mwaka 1999, na nyumba inapoungua hakuna anayemdai mpiga mbiu uzuri wa vina. Hoja hiyo ina uzito wake. Lakini mpiga mbiu anayewaelekeza watu kwenye moshi usio wa moto ule huwapoteza. Hadhira iliyofunzwa na jukwaa kwamba mgonjwa ni aliyekonda ilirudi kambini ikaendelea kusoma hivyo hivyo, sasa kwa idhini ya sanaa.

Kisha ishara yenyewe ikavunjika. Dawa za kupunguza makali ya virusi zilianza kuenea, na mwaka 2006 serikali ya Kenya iliondoa ada yake katika hospitali za umma. Watu waliokuwa wamebebwa kwa machela walirudi kwenye vichaka vya chai na vikapu vyao. Mwanzoni dawa nazo zilikuwa na mzaha wao mchungu: mojawapo, stavudini, ilipunguza nyama za mashavu na za miguu, hivi kwamba aliyepona alibaki na uso wa mgonjwa. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2009 kwamba iachwe hatua kwa hatua. Leo mtu aishiye na virusi na kutumia dawa ipasavyo hawezi kutambuliwa kwa macho. Kamusi ya kambi imepitwa na wakati. Lakini kamusi haiachi kutumika siku ile inapopitwa na wakati, na wapo bado wanaotazamwa kwa namna fulani kwa sababu tu wameumbwa wembamba au wamepungua kwa huzuni.

Papo hapo "slim" imerudi Kericho kwa mlango wa mbele. Ipo kwenye suruali za vijana, kwenye simu, na kwenye paketi za chai ya majani mbalimbali inayouzwa kwa ahadi ya kupunguza mwili. Aliyezaliwa baada ya mwaka 2006 husikia ndani yake urembo tu. Mama yake, aliyezika watu wazima wenzake katika miaka ya 1990, husikia jambo jingine binti anapotangaza kwa furaha kwamba amekonda. Wanazungumza Kiswahili kimoja, nyumba moja, na neno lile lile lina historia mbili. Hakuna kati yao anayekosea.

Kwa mwanafunzi wa fasihi, funzo la neno hili si kwamba maneno hubadilika, jambo ambalo kila kitabu cha isimu hulisema katika sura ya kwanza. Funzo ni kuhusu mwendo wa kusoma. Msomaji wa mwili, kama msomaji wa shairi, hukosea anapokuwa na jibu kabla ya kuuliza. Waandishi wa leo watakaorudi katika mashamba ya chai, na yafaa warudi, maana hadithi za wachumaji hazijaandikwa hata robo, watakuwa na kazi ya kumwingiza jukwaani mtu aliyekonda na kumwachia nafasi ya kusema mwenyewe amepatwa na nini. Kitenzi cha Kiswahili kilikuwa na swali hilo tangu zamani. Kilichokosekana ni subira ya kungoja jibu lake.